Picha ya Kileleni Haipo



Tangu Alhamisi mmekuwa mkiniuliza, kwa simu, kwa ujumbe na hata mlangoni pa kanisa usiku wa kesha: Pasta, picha ya kileleni iko wapi? Dada mmoja wa kwaya aliniambia ameshaiwekea nafasi kwenye kalenda ya kanisa ya mwaka ujao. Nimekuwa nikitabasamu na kusema, "Itakuja." Haitakuja, kwa sababu haipo. Sikufika kileleni. Hilo peke yake si neno. Mlima ule umewarudisha wengi walio na nguvu kuniliko. Lakini kuna jambo nililisema nikiwa kule juu ambalo limenikaa kooni tangu niliporudi, na nimeona niwaandikie leo Jumamosi, kabla sijasimama mbele yenu kesho.

Chukua chai, ni ndefu kidogo.

Mnakumbuka wazee wa kanisa walinipa likizo ya wiki moja mwezi huu wa Agosti, ya kwanza katika miaka 11. Nasema "walinipa" kwa heshima. Kusema kweli walinifukuza. Mzee mmoja anayefuga aliniambia, "Pasta, hata ng'ombe wa maziwa hukaushwa kabla hajazaa tena." Mke wangu akasema amina kabla sijafungua mdomo.

Mimi ni mtoto wa Makadara. Nimezaliwa Nairobi, nimesoma Nairobi, nimeokoka Nairobi, nimeoa Nairobi. Ushago tulikuwa tukienda Desemba na kurudi kabla tope halijakauka kwenye viatu. Msitu ninaoujua ni Karura, na Karura kuna mkahawa. Milima yote niliyowahi kuihubiri, Moria, Sinai, Karmeli, Horebu, nimeipanda nikiwa nimeketi mezani na kamusi ya Biblia. Kwa hiyo rafiki yangu aliponipigia simu na kusema, "Una wiki nzima? Njoo nikupeleke mlimani," nilikubali haraka sana, kama mtu asiyejua anachokubali.

Rafiki huyu hapa nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndiyo kazi yake sasa. Katika Chuo cha Biblia tulilala kitanda kimoja cha ghorofa miaka mitatu, yeye juu, mimi chini. Ndiye aliyesimama nami siku ya harusi yangu. Kwao ni Naro Moru, chini kabisa ya Mlima Kenya, na alipokuwa kijana alikuwa akibeba mizigo ya watalii wakati wa likizo ili apate karo. Leo anafundisha shule ya upili kulekule. Zamani alikuwa mchungaji kama mimi. Kwa nini si mchungaji tena, nitafika huko.

Mwalimu aliniambia mapema kwamba mlima ule unataka siku nne au tano, ili mwili uzoee. Mimi nikamwambia nina siku tatu tu, maana Ijumaa kuna kesha na lazima niwepo. Akanyamaza kidogo. "Wachungaji wasaidizi hawapo?" Nikasema wapo, lakini wewe unajua mambo yalivyo. Akasema, "Najua mambo yalivyo," na hakuongeza neno.

Halafu nikafanya lile mlilolishuhudia. Nilitangaza madhabahuni kwamba naenda kuliombea kanisa letu juu ya Lenana, mita 4,985 kutoka usawa wa bahari. Mlipiga makofi. Makofi ni kitu kibaya kwa mtu wa aina yangu, kwa sababu nilipoyasikia nikaongeza kwamba nitalipeleka na jina la kanisa huko juu, na mama mmoja wa Idara ya Wanawake akalipia bango, shilingi 2,000. Hata mahubiri ya kurudi nayo yalikuwa tayari. Nilikuwa nianze na Kisoi Munyao, aliyepandisha bendera ya Kenya pale Lenana nchi ilipopata uhuru, Desemba 1963. Kichwa kingekuwa "Pandisha Bendera Yako", na pointi tatu nilikuwa nazo. Naona aibu kuandika hili, lakini liandikwe: nilikuwa na mahubiri ya mlima kabla sijauona mlima.

Jumatatu tulianza kutembea kutoka lango la Naro Moru, mita 2,400. Tulikuwa wanne: mimi, Mwalimu, mwongozaji wetu ambaye ni mzee wa miaka 50 hivi, na kijana mmoja mpagazi aliyebeba chakula chetu chote huku akipiga mluzi. Siku hiyo ya kwanza ni barabara tu, kilomita kama 10 ndani ya msitu na mianzi hadi Met Station, mita 3,050. Nilikuwa nahema lakini nilikuwa na furaha ya mtoto. Niliona mbega juu ya mti, mweusi na mweupe, mkia kama pazia, akinitazama kama mzee wa kanisa anayemtazama mgeni aliyekuja na kaptura. Mahali fulani mwongozaji akainama, akaangalia kinyesi cha nyati njiani. Nikamuuliza kama ni cha jana. Akasema, "Hiki ni cha leo." Wapendwa, nilinena kwa lugha kimoyomoyo mpaka tukafika kambini.

Usiku sikupata usingizi kwa sababu ya kimya. Mtaani kwetu usiku kuna mbwa, kuna matatu ya mwisho, kuna jirani na jenereta yake. Kule hakuna kitu. Nilitoa simu, nikatafuta sauti yoyote iliyohifadhiwa humo, nikapata mahubiri. Yalikuwa yangu mwenyewe. Nikayaweka polepole karibu na sikio. Kutoka kitanda cha pili nikasikia, "Pasta, mzime huyo mhubiri tulale."

Jumanne ndiyo siku ya habari yenyewe.

Ukitoka Met Station miti inakwisha, na unaingia mahali ambapo wapandaji wamepaita Vertical Bog. Ni kinamasi, lakini si kinamasi cha bondeni kama tunavyokijua. Kimelala juu ya mteremko, mafungu ya nyasi na tope jeusi katikati, na wewe unapanda humo ukiruka fungu hadi fungu. Ukikosea, mguu unazama hadi kwenye goti. Viatu vyangu, ambavyo muuzaji wa Gikomba aliniapia kwamba havipitishi maji, vilipitisha. Mwongozaji alikuwa mbele akitembea kama mtu anayefuata jeneza. Kila mara alikuwa akisema neno moja: polepole. Mwalimu naye nyuma yangu: polepole.

Kulikuwa na kundi la vijana wa chuo kikuu mbele yetu. Mmoja aligeuka akaniona, akasema kwa heshima kabisa, "Pole mzee." Mimi nina miaka 46. Nikawapita. Nikawapita wote, tope likiruka, na nilipofika juu ya kinamasi nikasimama mikono kiunoni kuwangoja Mwalimu na mwongozaji, moyo ukigonga masikioni. Mwalimu alipofika hakucheka. Alisema, "Hapa hakuna zawadi ya kufika wa kwanza. Kichwa vipi?"

Kichwa kilikuwa kimeanza kubana, hapa kwenye paji la uso, kama kofia ndogo.

Nikasema, "Niko sawa."

Baada ya hapo nchi inabadilika. Nasema mbele za Mungu sijawahi kuona kitu kama kile. Kuna mimea mikubwa inayofanana na kabichi iliyowekwa juu ya nguzo, mirefu kuliko mtu, na majani yake makavu hayaanguki. Yanaushika mti kama koti, kwa sababu kila usiku huko ni baridi ya kugandisha maji, na mti ukivuliwa koti hilo unaweza kufa. Kuna mingine mifupi, lobelia, ambayo jioni hufunga majani yake juu ya moyo wake ili barafu isiufikie, na asubuhi inafungua. Mwongozaji alinifungulia jani moja polepole, akanionyesha kijiti kichanga kilichofichwa ndani. Nilitikisa kichwa kwa mshangao, na kutikisa kichwa kukaniumiza hadi nikafumba macho.

"Kichwa vipi?" akauliza Mwalimu.

"Niko sawa. Jua tu."

Nilimwambia nataka kwenda haja. Nikaenda nyuma ya mti mmoja wa kabichi, nikameza vidonge viwili vya maumivu bila maji, nikarudi.

Yuko mtu atakayesema, Pasta, hayo ni mambo madogo. Nami nilijiambia hivyo. Lakini nimekaa nikahesabu siku ya leo, tangu asubuhi, ni watu wangapi nimewaambia niko sawa. Sisi tuliookoka tuna namna yetu ya kulisema. Ukituuliza habari, tunajibu tumebarikiwa. Tunasema kwa imani, na imani ni njema, sitaki mtu aseme Pasta amepoa. Ila kuna mahali imani inaishia na uongo unaanza, na mpaka wenyewe haukupigwa chokaa. Mimi nimepita hapo mara nyingi nikiwa na maikrofoni mkononi.

Tulifika kambi ya Mackinder kama saa tisa alasiri. Mita 4,200. Mwongozaji alinieleza kwamba kwa kimo kile kila pumzi inakupa oksijeni karibu asilimia 60 tu ya ile mtu anayovuta akiwa Mombasa. Mbele yako, Batian na Nelion zimesimama juu ya bonde, jiwe tupu, na barafu iliyobaki ni kidogo. Mwalimu alisema alipokuwa kijana barafu ilikuwa kubwa zaidi, alionyesha kwa mkono ilipokuwa ikifika. Nje ya banda kulikuwa na wanyama wadogo wa kahawia, wanene, wasio na mkia, wanaokaa kwenye mawe wakiota jua. Mwongozaji akasema ni pimbi. Ndipo nikatambua kwamba hawa ndio wibari wa kitabu cha Mithali, wale wadogo wenye akili ambao nyumba yao ni mwamba. Nimewahubiri nisijue hata wana sura gani. Nilikuwa nadhani ni aina ya ndege, wapendwa. Miaka 18 ya huduma.

Mpagazi akapika. Wali na kabichi na mayai. Harufu iliponifikia, tumbo likageuka. Nilijua nikitia kijiko kimoja mdomoni kitarudi mbele ya watu. Wale vijana wa chuo kikuu walikuwa wamefika na walikuwa meza ya pili, na mmoja alikuwa ameshagundua mimi ni mchungaji. Mwalimu akanisogezea sahani. Akasema, "Kula. Saa nane usiku tunaamka."

Nami nikasema, "Nimefunga."

Hilo ndilo neno nililotaka kuwaambia. Nikasema nimefunga kwa ajili ya kanisa, nitakula nikishuka kutoka kileleni. Nililisema kwa sauti ya upole, ile sauti mnayoijua. Vijana wakanyamaza kwa heshima. Mmoja akasema, "Mungu akutie nguvu, Pasta." Nami nikaitika amina.

Mwalimu alinitazama muda mrefu. Asubuhi ile nilikuwa nimekula mayai matatu na chapati mbele yake. Hakusema kitu. Alifunika sahani yangu kwa sahani nyingine, akaiweka kando.

Usiku uliingia ghafla. Maji yaliyobaki nje kwenye sufuria yalishika barafu. Tulilala vitanda vya mbao, na safari hii mimi nilikuwa juu na yeye chini. Nilikuwa nahesabu mapigo ya kichwa changu. Nikadhani amelala, kumbe yuko macho.

"Unakumbuka mwaka wangu wa mwisho katika huduma," akasema, "nilikuwa nikikupigia simu?"

"Nakumbuka."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili, tatu."

"Mara saba." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma mita ya maji. "Nilikuwa nafika kanisani mapema, nakaa ndani ya gari, nashindwa kufungua mlango. Nakaa hata dakika 40. Ndipo nakupigia. Wewe unaniuliza, uko sawa ndugu yangu? Nami nasema niko sawa, Mungu ni mwema. Wewe unasema amina, halafu unaniambia habari za mabati."

Ni kweli. Ndio mwaka tuliokuwa tukiezeka kanisa hili. Nilikuwa na mabati kichwani usiku na mchana.

Wengi wenu hamkujua jinsi alivyoacha uchungaji, na amenipa ruhusa kusema. Jumapili moja alisimama, akafungua Biblia, akatazama ukurasa, akaifunga. Akashuka madhabahuni, akatoka nje, akaenda steji na kupanda matatu ya kwenda kwao. Mimi nilisikia habari hiyo kwenye kundi la wachungaji, na baadhi ya yaliyoandikwa humo sitayarudia. Sikuandika neno la kumtetea. Nilichukua miezi mitano kwenda kumwona. Miezi mitano, na Naro Moru kutoka hapa ni safari ya asubuhi moja.

Nikamwambia gizani, "Nisamehe."

"Nilikusamehe zamani, si hilo. Mimi ndiye niliyedanganya. Ila nilikuwa nadanganya vibaya makusudi, nikitumaini utagundua." Akageuka, kitanda kikalia. "Sasa nakuuliza mara ya mwisho. Kichwa vipi?"

Ningependa kuwaambia kwamba hapo nilivunjika na kusema ukweli wote. Nilisema, "Kinauma kidogo." Kidogo! Hata hapo.

Saa nane usiku mwongozaji alitugongea. Niliketi, na banda likazunguka. Nikashuka nikishika mbao. Niliinama kufunga kamba za viatu na vidole vikakataa. Nilizitazama zile kamba kama mtu anayetazama maandishi ya Kichina. Nikatoka nje na kutapika, na hakukuwa na kitu cha kutapika, maana nilikuwa "nimefunga". Niliporudi mwongozaji alikuwa amenimulika tochi usoni. Akachora mstari kwa fimbo kwenye mchanga, kama hatua 10. Akasema, "Mchungaji, tembea hapa. Kisigino kiguse vidole."

Hatua ya tatu nilikuwa nje ya mstari. Nikaanza upya. Hatua ya pili. Mimi ambaye nimeihubiri vikali pombe tangu nilipookoka, nikitembea kama mtu aliyetoka kilabuni mwisho wa mwezi, mbele ya vijana wa chuo kikuu wenye tochi za kichwani.

Nikafanya ninachojua kufanya. Nikaweka mkono juu ya paji la uso nikaanza kukemea. Mwalimu akaushusha ule mkono wangu taratibu. Akasema, "Ndugu yangu, hapa hakuna pepo. Hapa hewa ni chache."

Mwongozaji akaniuliza kama nimemeza dawa. Nikakubali. Alikasirika, na alikuwa na haki. Aliniambia kwamba mgonjwa anayeficha dalili zake kwa vidonge anamfanya yeye amwongoze mtu mwingine. Akaeleza kwamba kichwa peke yake wangeweza kukingoja kwa kupumzika, lakini miguu ikianza kupotea ni dalili kwamba ubongo unavimba, na hiyo dawa yake ni moja, kushuka, tena sasa hivi, si asubuhi. Watu wamekufa kwa kungoja asubuhi.

Nikasema Mwalimu aende juu na mwongozaji, mimi nishuke na mpagazi. Ilikuwa inawezekana, mwongozaji mwenyewe aliona inawezekana. Mwalimu alikuwa ameshavua begi lake na alikuwa akinifunga kamba za viatu. Hakuinua kichwa. "Tunashuka wote," akasema.

Sitaeleza njia ile yote kwa sababu siikumbuki yote. Nakumbuka mkono wake umeshika begi langu kwa nyuma, namna unavyomshika mtoto anayejifunza kutembea. Nakumbuka nyota, nyingi kiasi cha kutisha. Nakumbuka nikimwomba tuketi na yeye akikataa, mara nyingi. Tulipofika ukingoni mwa bonde kulikuwa kunapambazuka, na nilipogeuka nikaona Batian imeshika rangi ya kaa la moto huku chini yake kote kukiwa bado bluu. Nikakumbuka bango. Mwalimu akaona nimelikumbuka. Akasema babu zake waliomba miaka mingi wakiutazama mlima huu wakiwa mashambani mwao, na hakuna aliyeona haja ya kupanda na kitambaa.

Chini zaidi, mwanzoni mwa kinamasi, hatimaye akakubali niketi. Kulikuwa na umande mwingi. Akafungua begi langu, akatoa lile bango la kanisa, akalitandaza juu ya nyasi, nikaketi juu ya jina letu. Kichwa kilikuwa kimeanza kuachia. Sikuwa nimekula kitu chochote, na kushuka tu, mita mia kadhaa tu, kukanirudishia akili, ni ajabu. Akanipa chapati ya jana, ngumu kama ngozi, na chai kutoka chupani. Nikala. Nikalia pia, lakini zaidi nilikula.

Nimehubiri habari za Eliya akiwa Horebu labda mara 20, hata kwa wachungaji wenzangu. Sikuzote nakimbilia ile sauti ndogo baada ya upepo na tetemeko na moto. Sijawahi kukaa pale chini ya mretemu, ambapo mtu wa Mungu anaomba kufa, na malaika anayekuja hana neno la unabii. Ana mkate na maji. Anampikia, anamwacha alale, anamrudia tena na chakula kilekile. Hamwulizi hata imani yake iko wapi. Na Eliya naye hamwambii yuko sawa. Amekwisha kusema imetosha. Labda ndiyo maana mkate ulimfikia.

Mwalimu alipoenda kujaza maji kijitoni, yule kijana mpagazi aliniambia jambo. Alisema Mwalimu alikuwa ameweka pesa kidogo kidogo miaka miwili kwa ajili ya safari hii. Hajafika Lenana tangu alipokuwa na miaka 19. Aliwaambia pale kijijini kwamba siku akijisikia amepona, atapanda tena, na akipanda atapanda na mtu aliyesoma naye. Mwalimu aliporudi na maji nilimuuliza kama ni kweli. Akamtazama kijana kwa jicho kali, kisha akaniambia, "Mlima hauhami. Maliza chai."

Pale Met Station simu ilipata mtandao, ikatetemeka mfululizo kama imeingiwa na baridi. Maombi ya kuombewa, ratiba ya kesha, mtu anauliza bei ya viti vya plastiki. Wa mke wangu ulikuwa mmoja tu, wa usiku uliopita. "Uko sawa?" Niligusa herufi ya N na simu yenyewe ikaniletea maneno mawili tayari, maana imenizoea. Nikayafuta. Nikaandika kwamba niliugua nikaficha, kwamba nilidanganya nimefunga, kwamba tumeshuka bila kufika, na kwamba sasa kichwa kinauma kidogo, kidogo ya kweli. Alijibu baada ya dakika moja: "Asante kwa kuniambia. Na bango?"

Nimetubu kwa Mungu kwa habari ya ule mfungo. Mwalimu nimemwomba msamaha, wa mlimani na wa mabati. Ninyi nawaomba leo. Wale vijana wa chuo kikuu sina namba zao. Kama kuna mmoja anayesoma hapa, ajue kwamba mchungaji yule hakuwa amefunga, alikuwa mgonjwa.

Mama uliyelipia bango: lina tope jeusi upande mmoja na chai upande wa pili. Nitakuja kwako Jumatatu jioni nikueleze mwenyewe. Mwalimu anasema Januari mlima huwa mkavu, na safari hii ni siku tano, hakuna mjadala. Wazee nimeshawaambia, na mchungaji atakayesimamia kesha wiki hiyo ameshaandikwa.

Kesho ibada ya kwanza ni saa mbili asubuhi. Ukiniuliza habari mlangoni, uwe na dakika mbili.